Sura ya Saba: Kengele ya Chumba cha Baridi

Benchi la kituo lilikuwa na wanawake wawili, mmoja mwanzo na mwingine mwisho, na katikati yao palibaki nafasi ya kukaa watu wanne. Hakuna aliyethubutu kuijaza. Wa karibu na mlango alikuwa mke wa fundi aliyekuwa mahabusu. Wa karibu na dirisha alikuwa dada wa marehemu. Kwa siku tatu mfululizo alikuja pale asubuhi na mapema, na kila mke wa fundi alipokohoa, yeye aligeuza uso ukutani.

"Afande," dada wa marehemu alisema mpelelezi alipopita. "Leo si ndiyo siku?"

"Ni leo. Saa nane mchana anapelekwa mahakamani."

"Nataka nimwone akisomewa mashtaka. Mdogo wangu alikuwa akikaa kwangu, Afande. Siku ile nilimfunikia chakula chake mezani, nikijua atakuja kula. Kumbe mtu ameshaganda."

"Pole sana, mama."

Mke wa fundi alikuwa ameshika mfuko wenye shati safi la mumewe, na alikuwa ameulalia kama mtu anayezuia mlango usifunguke.

Mpelelezi akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Wenzake walimwita Konokono, ila mbele yake waliona afadhali Afande. Jina lenyewe yeye hakulichukia. Alikuwa mwanamke mwenye miaka ishirini na miwili kazini, na alishaona wenye mbio wengi wakirudi nyuma kuulizia walichokiruka.

Kesi hii ilikuwa imeshonwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera. Mtunza ghala alikutwa asubuhi ndani ya chumba cha baridi cha ghala la chanjo, nyuzi ishirini chini ya sifuri, akiwa na shati la mikono mifupi. Kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika tangu mwaka jana, na badala ya kukitengeneza wakaweka kitufe: ukikibonyeza, kufuli linaachia na kengele inalia koridoni. Kufuli, kitufe, kengele na kipimajoto viliendeshwa na kikompyuta kimoja kilichofungwa ukutani, ubao mmoja tu wenye ukubwa wa kitambulisho, ndani ya kasha la plastiki.

Siku ya kifo, fundi aliitwa kusasisha mfumo endeshi wa kikompyuta hicho. Na kumbukumbu za kikompyuta chenyewe zilisema kwamba saa nne na dakika ishirini asubuhi, beji ya mgeni iliuweka mlango katika hali ya matengenezo. Katika hali hiyo kufuli halimsikilizi aliye ndani, hata abonyeze mpaka kidole kichubuke. Mgeni siku hiyo alikuwa mmoja, naye ni fundi. Mlinzi wa getini alikuwa amemsikia akizozana na marehemu. Mkurugenzi wa ghala, ambaye ndiye mume wa yule dada pale benchini, alikuwa mkutanoni upande wa pili wa mji tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, mbele ya watu thelathini. Daktari naye alisema mwili ulioganda hausemi ulikufa saa ngapi.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Daftari la getini lilionyesha kwamba fundi alitoka saa tano na nusu, akarudi saa saba, akakaa mpaka saa tisa. Konokono alikuwa hajawahi kukutana na muuaji anayetoka salama, kisha akarudi mwenyewe kukaa masaa mawili ukutani karibu na maiti.

"Koplo," aliita. "Kumbukumbu za mashine zina kurasa ngapi?"

Koplo alichungulia. "Tulizochapa ni tisa, Afande."

"Sikuulizia tulizochapa."

"Zote ni kama arobaini. Mtaalamu wetu wa kompyuta alichapa mpaka pale kitufe kinapoacha kubonyezwa. Alisema zilizobaki ni joto tu, joto, joto, mpaka asubuhi."

"Nichapie zote."

Koplo aliondoka akinung'unika kuhusu wino, akarudi baada ya nusu saa na rundo la karatasi zilizokuwa bado za moto. Konokono alizisoma kwa rula, mstari baada ya mstari. Mtaalamu hakudanganya: ilikuwa joto, joto, joto. Mpaka ukurasa wa thelathini na moja.

Hapo rula ikasimama. Alisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akasoma mara ya tatu. Mlango umefunguliwa, beji ya mlinzi, saa nane na dakika mbili usiku.

"Mlinzi alisema alimkuta saa ngapi?" aliuliza.

"Saa moja asubuhi," Koplo alisema. Kisha naye akainama akasoma, na macho yakamtoka. "Saa nane usiku? Afande, huyu mzee ametudanganya. Alifungua usiku, akamwona, akanyamaza mpaka kumekucha. Wako wawili hawa."

"Mlete. Na daftari lake la getini aje nalo."

*

Mlinzi alikuwa mzee mwenye viatu vilivyong'arishwa kuliko vya polisi wote wa kituo kile. Alikaa, akaweka daftari lake magotini, akasubiri.

"Mzee, chumba cha baridi ulikifungua saa ngapi?"

"Saa moja na dakika mbili asubuhi. Nimeandika."

"Mashine inasema saa nane usiku."

Mzee alimwangalia kwa utulivu. "Mashine imelewa."

"Jibu vizuri," Koplo alisema.

"Nimejibu, mwanangu. Saa nane usiku nilikuwa getini na mlinzi wa duka la jirani, tunasikiliza mpira redioni, mpaka wakapigiana penalti. Muulizeni. Saa moja nikaenda kuhesabu funguo, nikaona viatu vya mtunza ghala bado viko nje ya mlango wa baridi. Pale wanavua, wanavaa mabuti. Nikafungua. Saa moja na dakika tano nikawapigia ninyi. Simu si mnazo?"

Konokono hakuwa na haja ya kumuuliza jirani. Simu ya mlinzi iliandikwa kwenye kitabu cha zamu cha kituo, saa moja na dakika tano asubuhi, kwa mwandiko wa Koplo mwenyewe. Kama mzee alifungua saa nane usiku, basi alisimama mlangoni masaa matano kabla ya kupiga simu. Kama hakufanya hivyo, mashine ilikuwa nyuma kwa masaa matano. Na kesi nzima ilikuwa imening'inizwa kwenye saa ya mashine hiyo, na yeye ndiye aliyeisaini.

"Mzee, kaa hapohapo. Ukitaka chai, Koplo atakuletea."

"Ya maziwa," mzee alisema.

*

Fundi alikuwa mwembamba, mwenye vidole vilivyoungua kwa risasi ya kulehemu. Siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemfanya azungumze kwa sauti ya mtu aliye msibani.

"Fundi, siku ile kikompyuta ulikizima saa ngapi?"

"Saa tatu kamili asubuhi."

"Ukakiwasha?"

"Saa nane mchana."

"Kusasisha kitu kidogo vile kunakula masaa matano?"

"Kusasisha kwenyewe hakufiki saa moja, mama. Mimi siwezi kusasisha mashine ya watu kabla sijanakili memori kadi yake. Mfumo endeshi wote uko kwenye ile kadi. Likiharibika jambo katikati, umeua mashine. Basi nikaanza kunakili kwenye kadi mpya, ikafika karibu na mwisho, ikagoma. Kadi feki. Nikatoka kwenda kununua nyingine, nikaanza upya."

"Ndiyo maana ulitoka saa tano na nusu."

"Risiti mnayo. Niliwapa siku ile ile."

Konokono aliiona risiti ile siku ya kwanza. Waliiambatisha kama ushahidi kwamba mshtakiwa alitoka kwenda kutupa kitu. Aliona haya, na hakuificha.

"Sasa nisikilize vizuri. Hiki kikompyuta kikizimwa, saa yake inaendelea?"

"Haiendelei. Hakina betri ya saa. Simu ina betri, laptopu ina betri, hiki hakina. Ukikizima saa tatu kinakumbuka saa tatu, na siku utakayokiwasha kinaanzia pale pale. Kikiwa kwenye mtandao kinauliza saa huko, kinajisahihisha. Lakini pale ghalani hakuna mtandao, mkurugenzi hataki. Kwa hiyo kila nikimaliza kazi naiweka kwa mkono. Ndiyo hatua yangu ya mwisho, siku zote."

"Siku ile uliiweka?"

Fundi alitazama ukuta, akatazama mikono yake, na Konokono alimwona akirudi ghalani kichwani mwake, akipita hatua moja moja.

"Sikuiweka," alisema hatimaye. "Mkurugenzi alirudi kutoka mkutanoni kama saa nane na nusu. Akasimama nyuma yangu. Mfumo ulipomaliza tu akaniambia nenda, mengine tutamalizia wenyewe. Akanisindikiza mpaka getini. Nikafunga begi. Mama, sikuiweka saa. Kosa langu."

"Na sisi tulipokileta hapa tukakichomeka kwenye mtandao wa kituo," Konokono alisema, zaidi kwa nafsi yake. Mtaalamu alikiwasha, akatazama saa, akaiona iko sawasawa. Polisi wenyewe walikuwa wameirekebisha kabla ya kuikagua.

"Ulizozana na marehemu kuhusu nini?"

"Alisema nisifute. Mkurugenzi alikuwa ameagiza nikishasasisha nifute kumbukumbu zote za joto, tuanze upya. Mtunza ghala akaja juu, akasema ukifuta hizo nitakushitaki. Baadaye tukanywa chai. Nikamwambia asijali, nitafuta kwenye kadi mpya kama nilivyoagizwa, ila kadi ya zamani sisi mafundi hatutupi. Akafurahi mno. Alinishika mkono kwa mikono miwili."

"Ulimwambia iko wapi?"

"Hapana. Nilimwambia ipo tu."

"Iko wapi?"

"Mahali pake. Chini ya kifuniko cha kasha, nimeibandika kwa gundi ya karatasi, ule utepe wa kubandikia. Mashine ikikwama, fundi yeyote atakayekuja afungue aikute. Kila fundi wa hizi kompyuta anajua."

"Siku tatu uko hapa. Mbona hukusema?"

"Mliniuliza beji, mama. Kila siku beji. Kadi hamkuniuliza."

*

Mkuu wa kituo hakupenda kuitwa kwenye chumba cha vielelezo, na alichukia zaidi kuambiwa asubiri robo saa akiangalia kasha la plastiki.

"Konokono," alisema, akisahau adabu, "saa nane gari la mahakama liko hapa."

"Ndiyo maana nimekuita mapema, Mkuu. Nataka shahidi mwenye nyota begani."

Alichomoa waya wa mtandao. Kwenye skrini waliyoiunganisha, kikompyuta kilisema saa sita kasorobo. Saa ya ukutani ilisema hivyo hivyo. Akakizima kwa utaratibu kama fundi alivyomweleza, akachomoa na umeme. Wakakaa. Mkuu alisoma tangazo la moto ukutani mara kadhaa. Koplo aliuma kucha. Saa ya ukutani ilipogonga saa sita kamili, Konokono alirudisha umeme.

Taa ndogo ikawaka kijani. Maandishi yakapita mbio, kisha skrini ikatulia. Ilionyesha saa sita kasorobo na sekunde chache.

Mkuu alitazama ukutani, akatazama skrini, akatazama tena ukutani. "Kimelala," alisema.

"Kimelala, na hakijui kwamba kimelala. Siku ile kililala masaa matano. Kila kitu kilichoandikwa baada ya pale, ongeza masaa matano. Mlinzi alifungua saa nane usiku, jibu ni saa moja asubuhi. Inalingana na simu yake."

"Na mlango? Saa nne na dakika ishirini?"

"Saa tisa na dakika ishirini alasiri."

Koplo aliacha kuuma kucha. "Fundi alitoka saa tisa kamili."

Konokono alikuwa na bisibisi ndogo mkononi, na skrubu za kifuniko zilikuwa nne. Siku tatu kielelezo kile kilikaa rafuni na lebo yake nzuri na muhuri, na hakuna mtu aliyekigeuza. Kifuniko kilipotoka, ndani yake palikuwa na kipande cha gundi ya karatasi, na chini ya gundi kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Juu ya gundi fundi alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: ya zamani, usitupe, na tarehe.

Walimwita mtaalamu akaisoma mbele yao. Haikuchukua muda. Wiki tatu kabla ya kifo, kwa siku mbili nzima, chumba cha baridi hakikuwa baridi. Mashine za kupoza zilikufa Ijumaa jioni, joto likapanda mpaka nyuzi kumi na moja juu ya sifuri, na Jumapili usiku likaanza kushuka. Jumatatu asubuhi mlango ulifunguliwa mara kumi na nne. Jumatatu ndiyo siku ya kupakia.

"Walizigawa," Mkuu alisema polepole. "Chanjo zilizoharibika. Walizipeleka kwa watoto."

Mkuu alitoka nje kwa hatua ndefu, na wakamsikia koridoni akidai namba ya mganga mkuu, na akidai sasa hivi.

Konokono alirudi kwenye zile kurasa tisa za mwanzo. Alizijua. Alikuwa amezisoma siku ya kwanza kwa haraka, kama mtu anayehesabu magunia, kwa kuwa mwenye kosa alikuwa ameshapatikana. Sasa alizisoma kwa rula. Kitufe cha ndani, kimebonyezwa. Kitufe cha ndani, kimebonyezwa. Alihesabu sitini na tatu, ndani ya dakika hamsini. Na katikati ya hizo, mara nne, palikuwa na mstari wa aina nyingine: kengele imezimwa, beji ya mgeni.

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa anakisoma. Kengele ile haikujizima. Mtu aliufunga mlango, akaondoka, akasikia kengele, akarudi kuizima. Akaondoka, ikalia tena. Akarudi. Mara nne alisimama hatua moja kutoka kwa mtu anayekufa, upande wa pili wa mlango, na kila mara alichofanya ni kupunguza kelele.

Alikwenda msalani akanawa uso.

Aliporudi alimkuta mlinzi na kikombe chake. "Mzee, fundi alipotoka, beji ya mgeni ulibaki nayo wewe?"

"Beji hailali getini. Utaratibu ni inarudi kwa mkurugenzi." Mzee alifungua daftari bila kutafuta. "Hii hapa. Saa tisa kamili. Amepokea, amesaini."

*

Mkurugenzi alifika saa saba na nusu, suti nyeusi, kitambaa mkononi. Alimchukua mkewe benchini, akamshika bega, wakaingia pamoja. Konokono aliwapa viti. Mkuu alisimama dirishani na Koplo mlangoni.

"Mama, ungependa kusubiri nje?" Konokono alimuuliza dada wa marehemu.

"Nisubiri nini tena? Nimesubiri siku tatu."

"Haya. Mkurugenzi, ni mambo madogo ya kukamilisha jalada. Sahihi hii ni yako?"

Aliinama juu ya daftari. "Yangu."

"Na saa ni hiyo? Saa tisa?"

"Saa tisa kamili. Nilimtoa huyo mtu mwenyewe. Laiti ningejua nilikuwa natembea na nani."

"Beji uliiweka wapi?"

"Kwenye droo yangu. Inafungwa."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mmoja, ninao mimi. Mimi ni mtu wa utaratibu, Afande. Beji ya mgeni ikipotea, ghala zima liko hatarini."

"Kwa hiyo kuanzia saa tisa, beji hiyo hakuna mtu mwingine aliyeigusa."

"Haiwezekani."

Konokono aliandika, akamgeuzia karatasi asaini, naye akasaini. Kisha akaweka mezani ile kadi ndogo, ikiwa bado kwenye gundi yake. Mkurugenzi aliitazama. Aliposoma mwandiko ulio juu yake, mkono uliokuwa begani mwa mkewe ulishuka.

"Ilikuwa kwenye kasha," Konokono alisema. "Muda wote. Kwenye kile kikompyuta ulichokuwa unasimama mbele yake."

"Sijui hiyo ni nini."

"Ni siku mbili za joto, wiki tatu kabla. Na kuna jambo jingine. Mlango haukufungwa saa nne asubuhi. Saa ya mashine ilikuwa nyuma kwa masaa matano, tumepima, Mkuu ni shahidi. Ulifungwa saa tisa na dakika ishirini alasiri, kwa beji iliyokuwa kwenye droo ambayo ufunguo wake unao wewe."

Nje, mke wa fundi alikohoa. Safari hii dada wa marehemu hakugeuza uso.

"Mume wangu," alisema. "Mwambie amekosea."

Mkurugenzi alikunja kile kitambaa mara mbili, tatu, kikawa kidogo kabisa. "Nilitaka kumtisha tu," alisema. "Fundi alipoondoka, shemeji alinifuata ofisini akanicheka. Akasema umefuta bure, kadi ya zamani ipo, kesho naipeleka wizarani. Nilimwambia shemeji, tutaangamia sote. Hakunisikia. Alipoingia kuhesabu makasha nikafunga. Nilitaka aniambie kadi iko wapi, basi, nifungue."

"Alikuambia?"

"Alisema hajui."

"Hakujua," Konokono alisema. "Fundi hakumwambia."

Mkurugenzi alifunga macho.

"Alibonyeza mara sitini na tatu," Konokono aliendelea. "Kengele ulirudi kuizima mara nne."

"Nilidhani akichoka atakubali. Kisha ikaacha kulia. Nikasema, amekaa chini, anafikiria. Nilipotaka kufungua nikaogopa nitakachokikuta."

"Koplo," Mkuu alisema. "Kamtoe fundi."

Koplo alitoka na kuacha mlango wazi. Wakasikia funguo, kisha lango la mahabusu, kisha kelele moja fupi ya mke wa fundi, na mfuko ukianguka sakafuni. Ndani ya ofisi hakuna aliyesogea isipokuwa dada wa marehemu, aliyevuta kiti chake taratibu mpaka kikawa mbali na cha mumewe. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka walionana wapi.

"Kengele ulikuwa unaisikia," alisema.

Mumewe aliweka kitambaa mfukoni.

"Ukaja nyumbani saa kumi na mbili. Nikakuuliza mdogo wangu yuko wapi. Ukasema ana kazi, usimsubiri. Nikamfunikia chakula chake." Alisogeza kiti tena nyuma. "Nilipokuwa naosha vyombo ulikuja ukakifunua. Ukasema kisiharibike. Ukakaa pale mezani, ukakila chote."